Sura ya Tano: Maksai Aliyekataa Majani

Kielelezo cha kesi kilikuwa kimelala katikati ya uwanja wa kituo cha polisi Karatu, chini ya bendera, na hakikutaka kuinuka.

Kilikuwa maksai wa hudhurungi iliyoiva, pembe pana, manyoya yanang'aa kama kiatu cha Jumapili, nundu imenona mpaka imeinamia upande. Konstebo Piusi alimzunguka mara moja, akasimama kupumzika.

"Afande, huyu si ng'ombe," alisema. "Huyu ni meneja."

Koplo Cresensia aliuma mdomo asicheke, maana mlalamikaji alikuwa amesimama pale pale na rungu lake kwapani, na uso wake haukuwa wa mzaha.

Mlalamikaji alikuwa mzee Parsimei wa Olbalbal, na mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kiangazi kilipoikausha Olbalbal, mbuzi wakaanza kulamba mawe, Parsimei alimpeleka maksai wake Mugie kwa rafiki yake Hhando kule Endabash, amtunzie mpaka mvua. Urafiki wao ulikuwa wa siku nyingi, na ng'ombe wa mmoja kulala zizini kwa mwenzake haikuwa habari ya kumshtua mtu. Mvua zikanyesha, Parsimei akaenda kumchukua mnyama wake. Lakini njiani kurudi, alipofika Karatu, aliiacha njia ya kupanda mlimani akaingia kituoni na shtaka: amebadilishiwa ng'ombe. Hhando akakamatwa jioni ile ile, nayo ilikuwa jana.

Sasa kesho mchana gari la Mbulu lilikuwa linakuja kumchukua Hhando kwenda mahakamani. Miaka ile mtu aliyepelekwa Mbulu kwa ng'ombe wa mwenzake aliaga watoto wake vizuri, mmoja mmoja. Mkuu wa kituo alikuwa Arusha akihangaikia petroli, jalada likabaki mkononi mwa Cresensia. Alikuwa na jambo moja tu la kujua kabla ya gari kufika: huyu ni Mugie, au si Mugie?

"Mzee Parsimei, tuanze na mkato wa masikio," alisema, akifungua kalamu.

"Masikio ni yangu."

"Chapa?"

"Chapa ni yangu."

"Rangi?"

"Rangi ni ya Mugie."

"Pembe?"

Parsimei aligeuka pembeni akatema mate kwa adabu. "Pembe ni za Mugie."

"Sasa, mzee wangu, kilichobaki ambacho si chako ni nini?"

"Yeye mwenyewe."

Piusi aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Cheka, kijana, cheka," Parsimei alisema. "Masikio mtu anakata na kisu chake. Chapa anachoma. Tabia je, ataikatia wapi? Mugie nilimvuta mimi kutoka tumboni mwa mama yake. Nikimwita anakuja. Huyu nimemwita kutoka Endabash mpaka hapa, ananitazama kama mkusanya kodi. Nimempeleka kwenye majani mabichi ya mvua. Anayanusa, anafumba macho. Jua likifika utosini analala chini, anageuza uso kule alikotoka, analia. Ng'ombe analilia kwao, mama polisi. Huyu kwao ni Endabash. Amezaliwa kwa Hhando, akachorwa masikio yangu. Wangu wameshamla."

"Hhando ni rafiki yako."

"Ndiyo maana nimekuja polisi," Parsimei alisema. "Angekuwa mtu mwingine nisingekuja polisi."

Cresensia alifunga kalamu. Alimwamini mzee kwamba hasemi uongo. Lakini alishaona watu wengi wasiosema uongo wakikosea.

Hhando alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mwembamba, mrefu, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali. Viatu na mkanda vilikuwa kaunta, kama sheria inavyotaka, na ile suruali ilikuwa imenunuliwa zamani, alipokuwa na mwili.

"Ng'ombe ni wake," alisema kabla hajaulizwa. "Niliyepewa ndiye niliyemrudisha."

"Mbona hamjui mwenyewe?"

"Hilo muulize ng'ombe."

"Ulikuwa unamlisha nini?"

Alipotajiwa ng'ombe alikuwa akimtazama koplo usoni. Alipotajiwa chakula alianza kutazama vidole vya miguu yake.

"Majani," alisema.

"Majani gani hayo yanayomfundisha ng'ombe kuchukia majani?"

"Dada, andika unavyotaka. Nilimpa chakula. Si dawa, si uchawi. Zaidi ya hapo sisemi, hata ukinipeleka Mbulu."

"Kesho unapelekwa Mbulu."

"Basi nimeshasikia."

Cresensia alitoka akasimama kivulini. Mwizi wa ng'ombe huogopa ng'ombe. Huyu mtu hamwogopi ng'ombe hata kidogo, anaogopa chakula cha ng'ombe.

Aliokota kijiti, akaenda nyuma ya kielelezo, akachuchumaa. Piusi alisogea, akashika pua. Koplo wake alikuwa akipekua kinyesi polepole kama mtu anayechambua mchele.

"Tazama. Hizi nyuzi ni majani?"

"Hapana, afande. Maganda. Mahindi haya, na hivi vidogo ni ulezi."

"Harufu?"

"Afande, unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza kikazi."

Piusi aliachia pua, akavuta, akafikiri. "Chachu. Kama... kama kilabuni asubuhi."

"Machicha," Cresensia alisema, akatupa kijiti. "Makapi ya nafaka pombe ikishakamuliwa. Mtu amemnenepesha kwa machicha."

"Lakini hilo si kosa. Pale kilabuni nyuma ya soko wanayamwaga, na kibali cha pombe wanacho. Kwa nini afungwe kwa ajili ya kitu kinachomwagwa?"

"Ndiyo twende tujue. Lete ndoo moja."

Ndoo ililetwa. Na hapo kielelezo, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimegoma, kiliinuka kwa magoti, kikainuka kwa nyuma, kikaingiza kichwa kwenye ndoo mpaka machoni. Watu waliokuwa wakisubiri mihuri barazani walisogea kutazama. Parsimei naye alisogea, uso umelegea kidogo, na Cresensia akaona kesi imekwisha.

Haikwisha. Machicha yale yalikuwa mabichi, yametoka kukamuliwa asubuhi ile, na pombe ilikuwa bado imo. Kabla kivuli cha mlingoti hakijasogea sana, maksai alianza kutazama watu kwa upendo mkubwa. Miguu ya mbele ilikwenda kulia, ya nyuma ikabaki inafikiri. Akaegemea mlingoti wa bendera, na bendera huko juu ikaanza kuyumba. Piusi, asijue afanye nini, akapiga saluti.

Parsimei alimwita jina lake. Maksai alijibu kwa kumgeuzia makalio, akajilaza, akaanza kukoroma.

"Mmeona!" Parsimei alipaaza sauti. "Mugie wangu hajawahi kulewa hata siku moja!"

"Mzee, hata mimi," Piusi alisema, "kabla sijahamishiwa Karatu."

Baraza zima liliangua kicheko. Cresensia hakucheka. Alikuwa akimtazama yule mnyama anavyokoroma, na kichwani mwake kitu kilikuwa kinasogea.

"Piusi, Endabash unapajua?"

"Nina shangazi kule."

"Kama ng'ombe wa Hhando angelewa hivi kila mchana, kiangazi kizima, shangazi yako angekuwa amenyamaza?"

"Anyamaze? Afande, wangemtungia wimbo."

"Kwa hiyo hakuwa akilewa. Alikula machicha, akanenepa, na hakulewa. Pombe iliyokuwa kwenye machicha ilikwenda wapi?"

Piusi alikuna shingo. "Labda yalipikwa."

"Yakipikwa, pombe inakwenda wapi?"

"Inapanda na mvuke, halafu mvuke unaingia kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, halafu..." Piusi alinyamaza ghafla. Kwa konstebo, alikuwa anajua mambo mengi mno.

"Halafu inadondoka kwenye chupa," Cresensia alimalizia. "Gongo. Na gongo haina kibali."

Sasa alijua Hhando ananyamazia nini. Alikuwa hajui ananyamaza kwa ajili ya nani.

Walipata lori la ngano lililokuwa likishuka Endabash, wakakaa juu ya magunia matupu. Kwa Hhando walimkuta mke wake anapepeta maharage. Aliwakaribisha, akawapa viti, akasema maksai alikula majani. Aliulizwa tena, akasema majani. Cresensia akamshukuru, akaomba kuona zizi.

Zizini hapakuwa na kihori, wala ndoo yenye harufu, wala ganda moja la ulezi. Piusi alikata tamaa. Lakini Cresensia alikuwa ameinama langoni. Ng'ombe wote wa Hhando walitokea pale wakateremka kulia, kwenda malishoni. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyekuwa akikata kushoto, akapanda kijinjia chembamba katikati ya mahindi. Udongo mwekundu ulikuwa umezishika alama za kwato zake vizuri.

"Hizi za kwenda zimeachana," alisema. "Hizi za kurudi zimekaribiana, tena zimezama. Unasemaje?"

Piusi alizipima kwa miguu yake mwenyewe, akaenda mbio hatua chache, akarudi taratibu. Akatabasamu. "Alikuwa anakwenda anakimbia. Anarudi ameshiba."

"Hakuna aliyekuwa akimletea chakula. Alikuwa akialikwa."

Walifuata kwato. Kijinjia kilipita mahindi, kikavuka mfereji, kikaishia kwenye uzio wa minyaa wenye pengo lililopanuliwa na kitu kipana. Ndani ya uzio palikuwa na nyumba safi, ua umefagiwa, msalaba wa chokaa juu ya mlango. Bibi mmoja aliyejifunga kanga mbili alikuwa akimenya ndizi. Cresensia alimfahamu. Ni Marsela, anayepamba altare kanisani kila Jumamosi. Na ni mama mzazi wa yule mwanamke waliyemwacha kwenye maharage: mkwe wake Hhando.

"Tumsifu Yesu Kristo," Cresensia alisema.

"Milele, amina. Karibu, mwanangu. Na huyo kijana wa polisi naye akaribie, asiogope."

"Mama, tumekuja kuulizia ng'ombe."

"Sina ng'ombe. Mimi nina kuku tu."

"Ng'ombe aliyekuwa akipita kwenye pengo lile."

Marsela alitazama pengo, akacheka. "Yule mlafi! Ameondoka na mwenyewe, Mmasai wake. Nilikuwa nikigonga debe tu, anafika hata kabla sijaliweka chini. Mnamtafuta ng'ombe au mnatafuta kitu kingine?"

"Mama, Hhando yupo wapi?"

"Amekwenda Karatu kutafuta jembe. Binti yangu ndivyo alivyoniambia."

Cresensia alivuta kigoda akakaa, macho yao yakawa sawa. "Hhando yupo mahabusu toka jana jioni. Mzee Parsimei anasema amebadilishiwa ng'ombe, maana ng'ombe amekataa majani. Hhando tumemuuliza alimlisha nini, amekataa kusema. Kesho mchana anapelekwa Mbulu kwa wizi."

Kisu cha ndizi kilisimama. Bibi yule alikiweka chini, pembeni ya ndizi.

"Angetaja neno moja tu," alisema.

"Hakulitaja."

"Mjinga huyo!" Marsela alisema, lakini alivyolisema ilikuwa kama mtu anayesifu. "Mkwe wangu ni mjinga kabisa."

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaingia jikoni. Walisikia vyuma vikigongana. Alipotoka alikuwa na ndoo ya machicha kichwani, na mkononi bomba la shaba lililopindwa kama nyoka aliyelala. Akalitupa miguuni pa Cresensia.

"Chungu na pipa vimo ndani, kijana ataingia avibebe. Nilianza mwaka wa njaa, nikaona nikiacha nitakula nini. Machicha sikupenda yaoze, na yule ng'ombe alikuja mbavu nje, anatia huruma. Twende."

"Mama, siwezi kukuahidi chochote."

"Nimekuomba nini, mwanangu?"

Lori la kupanda lilipatikana asubuhi yake. Walipoingia uwanjani kituoni jua lilikuwa linakaribia utosini, na maksai, aliyekwisha kuzinduka na kuumwa kichwa, alikuwa amelala vile vile, uso upande wa Endabash, akilia kwa sauti nzito. Habari ilikwishaenea. Wauza vitunguu walikuwa wameacha vitunguu, fundi baiskeli ameacha baiskeli.

Marsela aliweka ndoo chini, akaomba debe, akaligonga kwa kijiko.

Maksai alinyamaza katikati ya mlio. Masikio yakasimama. Kisha mnyama yule mzito alivuka uwanja mbio, nundu ikicheza, watu wakitawanyika kulia na kushoto, akatumbukiza mdomo kwenye ndoo. Alikula, akalamba ndoo, akalamba mkono wa bibi. Hakuyumba. Hakumwonyesha mtu makalio.

"Haya, mzee Parsimei," Cresensia alisema.

Parsimei hakufurahi. "Nimeona nini? Nimeona anamjua huyu mama. Nilisema mimi, kwao ni Endabash."

Minong'ono ilipita. Piusi alimtazama koplo wake kwa wasiwasi, maana barabarani ng'ambo ya soko vumbi lilikuwa linapanda, na gari lenye rangi ya serikali lilikuwa linakuja.

Cresensia alisogea mbele ya mzee. "Umemwita mara nyingi?"

"Mpaka nimekauka koo."

"Ukiwa umesimama wapi?"

"Mbele yake. Hivi."

"Na Olbalbal, mkitoka zizini asubuhi, unasimama mbele yake hivi, umekunja uso, unamwita?"

Parsimei aliteremsha rungu kutoka kwapani. "Hapana," alisema polepole. "Nyumbani simwiti. Nyumbani natangulia. Napiga mluzi, nakwenda zangu. Sitazami nyuma. Mchungaji akitazama nyuma kila saa, ng'ombe wanaona hana uhakika na njia."

"Basi mara zote ulizomwita alikuwa na njaa ya machicha, na wewe ulikuwa na hasira. Sasa ameshiba. Tangulia."

Mzee alisimama kidogo. Aliweka rungu begani. Akaupa uwanja mgongo, akapiga mluzi mwembamba wa sauti mbili, akaanza kutembea kuelekea lango.

Hatua za kwanza alikwenda peke yake. Maksai alikuwa bado akilamba ndoo. Parsimei alipiga mluzi tena, na shingo yake ilikaza kwa hamu ya kugeuka, lakini hakugeuka.

"Anakuja?" aliuliza hewani. "Jamani, anakuja?"

Hakuna aliyemjibu, maana kila mtu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Maksai alikuwa ameinua kichwa. Alisikiliza. Kisha akaiacha ndoo, akaanza kutembea, si mbio, mwendo ule wa safari ndefu, kichwa kikicheza juu chini, moja kwa moja nyuma ya yule mzee. Parsimei alifika langoni. Hapo alisimama, maana gari la Mbulu lilikuwa limesimama mbele yake, na akahisi pumzi ya moto yenye harufu ya chachu shingoni. Kidevu kizito kikatua begani kwake.

Hakugeuka bado. Aliinua mkono taratibu, akashika sikio lililokatwa na kisu chake mwenyewe.

"Mugie," alisema. "Mnyama mpumbavu wewe. Umekuwa bwana mkubwa, hata salamu hutoi!"

Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Askari wa Mbulu aliteremka garini, akaupita mkia kwa shida.

"Koplo, mwizi yuko wapi?"

"Hatuna mwizi," Cresensia alisema. "Tulikuwa na ng'ombe aliyeshiba na mzee aliyekasirika. Wamepatana."

Alikaa barazani akaandika: mlalamikaji amemtambua mnyama wake, mtuhumiwa aachiwe. Kisha aliweka bomba la shaba juu ya meza, maana hilo nalo halikuweza kupita bila kuandikwa. Marsela angesimama mahakama ya mwanzo Jumatatu. Mpaka siku hiyo alitakiwa mtu wa kumdhamini.

"Mimi," Parsimei alisema kabla hajaulizwa. "Na nyumbani kuna maksai wengine wawili wamekonda. Mama, mtambo umekwisha, lakini maarifa si yapo?"

"Machicha ya kilabu yana kibali," Cresensia alisema bila kuinua macho kwenye karatasi. "Mtu akiyachemsha kwenye sufuria wazi, mvuke ukaenda zake mbinguni, mimi sioni kosa."

"Mbinguni!" Marsela alisema. "Malaika watafurahi."

Piusi alifungua mahabusu. "Hhando, toka. Uko huru."

Hakuna aliyetoka.

"Hhando?"

"Nimesikia," sauti ilitoka ndani. "Mama mkwe yupo hapo nje?"

"Yupo mlangoni, anakusubiri."

"Basi sitoki."

"Ndugu yangu, gari la Mbulu bado lipo, lisije likabadili mawazo!"

"Niko pekupeku, Piusi, na suruali nimeishika kwa mkono. Nipite hivi mbele ya mkwe wangu? Nipelekeni Mbulu."

Viatu vilitafutwa kaunta vikapatikana. Mkanda haukuonekana. Cresensia alitafuta droo zote, akatoka barazani, akanyoosha mgongo, akapaaza sauti ile ya gwaride.

"Kituo kizima! Nyuma, geuka!"

Askari wa Karatu waligeuka, na wa Mbulu wakageuka, wauza vitunguu, fundi baiskeli, mzee Parsimei, wote wakautazama ukuta. Marsela naye aligeuka, kanga mdomoni, akitikisika kwa kicheko. Hhando alichungulia, akatoka, mkono kiunoni, akipita nyuma ya migongo yao kwa ncha za vidole.

"Hhando, mwanangu," Marsela alisema kwa ukuta. "Ng'ombe wa watu nimemnenepesha, wewe nimekuacha umekonda hivyo. Leo pita kwangu ule."

"Nakuja, mama," Hhando alijibu, na akaongeza mwendo.